Mwili Mdogo, Tumbo Kubwa: Mwongozo wa Kuchagua Vipande vya Mashine Chundwa

Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakupata kununua pistoni. Jembe baya litakuchosha mikono. Pistoni mbaya itakuacha nje ya mwamba wa Kiwayu, kusi limekaza, abiria wote wamegeuza shingo wanakutazama wewe. Kwa hiyo anayejenga mashine ya boti Chundwa na awe mchaguzi, mdadisi na king'ang'anizi, hata wauza spea wamwone anakuja wafunge duka. Mwongozo huu ni wake.

Tuutaje ugonjwa kwanza. Chundwa, Mbwajumwali, Kizingitini, Faza, hakuna kijiji cha kisiwa cha Pate kisicho na mtu mwenye mashine ya farasi 40 na roho ya farasi 75. Pesa za mashine kubwa hana, basi ameazimia kuikuza ile aliyo nayo: bloku ibaki ileile ndogo, tumbo lake liongezwe. Akikaa barazani haongei samaki wala bei ya kamba, anaongea farasi. Tumcheke, maana amejitakia. Kisha tumsaidie, maana safari yake imerefuka kweli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu karibu 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Mvuvi aliyezoea kutega karibu akisukumwa mbali, atataka nguvu, na hakuna wa kumlaumu.

Wala ugonjwa huu haukuzaliwa Pate. Wamarekani wanao, na wameuugua kwa gharama kubwa kuliko sisi. Chevrolet walitoa mashine yao mashuhuri ya silinda nane yenye bloku ndogo mwaka 1955, ikiwa na ujazo wa inchi 265, yaani karibu lita 4.3. Kufikia mwaka 1970 ukoo uleule ulikuwa umefika inchi 400, zaidi ya lita 6.5. Lakini umbali kutoka kitovu cha silinda moja hadi cha pili haukuongezeka hata unywele: inchi 4.4, tangu mwanzo. Kipenyo cha silinda kilipofika inchi 4.125, kati ya silinda na jirani yake pakabaki kama milimita 7, chuma kitupu kisicho na njia ya maji katikati. Ikabidi vitobolewe vitundu vya kutolea mvuke kwenye bloku na kwenye hedi ili joto lipate pa kutokea.

Hilo ndilo somo lote, na hatua zinazofuata zinalifafanua tu: kila milimita unayoipa pistoni umeitoa mahali pengine. Umeitoa kwenye ukuta wa silinda, au kwenye maji, au kwenye umri wa mashine. Fundi mzuri ni yule anayejua ameitoa wapi.

Hatua ya kwanza: Pima chombo kabla ya mashine

Mpenda farasi huanza na mashine, akamaliza na chombo. Wewe geuza. Mashua nzito ya mbao, iliyochongwa kwa ajili ya tanga, ina mwendo wake ambao haiwezi kuupita kwa raha. Mashua yenye urefu wa mita 8 kwenye mstari wa maji hufika karibu noti 7, na hapo huwa imeshajichimbia bonde katikati ya mawimbi yake mwenyewe. Ukiiongezea nguvu, tezi linazama, omo linainuka, petroli inakwisha, na mwendo ni uleule. Mwenye mashua kama hiyo akikuambia anataka farasi 75, mwambie anataka kununua moshi.

Boti nyepesi ya faiba ni habari nyingine: ikipata nguvu ya kutosha hupanda juu ya maji ikateleza. Hapo farasi wana kazi. Lakini nayo ina ubao wa tezi, na ubao huo una mwisho wake. Yamaha Enduro ya farasi 40 ina kilo 70 na ushei. Ya farasi 60 ya ukoo huohuo inapita kilo 100. Gongagonga ule ubao kwa nyundo ndogo kutoka pembe hadi pembe, usikilize. Ukisikia sauti butu, mbao ya ndani imeoza, na pesa zako za pistoni zina kazi ya kwanza: kujenga tezi upya.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya tumbo

Hapa ndipo ndoto nyingi za barazani zinapoishia, na ni heri ziishie kwenye karatasi kuliko baharini.

Mashine ya Enduro ya farasi 40, ile ya aina ya X, ina silinda mbili. Kipenyo cha kila moja ni milimita 80, na pistoni husafiri milimita 70. Ukizidisha unapata cc 703. Pistoni za kuzidisha kipimo zinazouzwa madukani ni za robo milimita na nusu milimita. Basi chukua ile kubwa kabisa, ya nusu milimita, uchonge silinda hadi 80.5, kisha upige hesabu tena: cc 712. Umepata cc 9 tu. Umelipa nauli hadi Mokowe, umepakia bloku kwenye basi la Mombasa, umelipa karakana, umenunua pistoni mbili na ringi zake, yote kwa cc 9.

Je, kuchonga hakuna maana? Kuna maana kubwa, ila si ile inayosemwa barazani. Silinda ikichongwa vizuri inarudi kuwa duara, ringi zinakaa, mgandamizo unarudi, na mashine inarejeshewa farasi wake waliokuwa wakitoroka kidogo kidogo kupitia ukuta uliolika. Mtu anashuka jeti anaapa kwamba ameongeza nguvu. Ukweli ni kwamba amerudishiwa alizonunua.

Ukitaka ujazo hasa, itabidi uhamie bloku nyingine. Farasi 60 ya Enduro ina silinda tatu na cc 849. Farasi 75 ina silinda tatu na cc 1,140. Wala usidhani kila namba iliyobandikwa ubavuni ni tumbo. Zile ndogo za farasi 9.9 na farasi 15 za ukoo huo zina ujazo mmoja, cc 246. Zinapishana kwa namna zinavyovuta pumzi. Anayenunua stika amenunua stika.

Hatua ya tatu: Chagua bloku kwa umri wa chuma, si kwa rangi

Ukukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Bloku ya asili iliyotumika miaka, ikiwa haijapasuka wala haijachongwa hadi kipimo cha mwisho, ni mali kuliko bloku mpya inayong'aa isiyojulikana iliyeyushwa wapi.

Vua hedi. Toa chumvi iliyoganda kwenye njia za maji kwa waya, taratibu, mpaka uone chuma. Angalia kingo za silinda pale gasketi inapokaa: chumvi hula alumini pole pole, na kishimo kidogo kinachounganisha njia ya maji na silinda kinatosha kuua mashine nzima. Pitisha rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi, uweke tochi nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati, hedi imejikunja kwa joto. Imewahi kukosa maji, na huenda hayo ndiyo yaliyomfanya mwenyewe aiuze.

Kisha pima silinda mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Vipimo sita kwa kila silinda. Fundi atakayekuambia anapima kwa kidole, mshukuru, mpe mkono, ubebe bloku yako uende kwa mwingine.

Hatua ya nne: Pistoni na ringi

Sasa kaa chini, kivulini, juu ya kitambaa safi. Kazi hii haifanyiki mchangani.

Chukua ringi moja, ibane kwa vidole, iingize ndani ya silinda tupu. Isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiwe kombo. Itazame: ncha zake mbili hazigusani, kuna pengo. Pengo hilo ndilo nafasi ya chuma kutanuka kikipata moto. Pitisha geji ya majani kwenye pengo. Kanuni ya zamani ya mafundi inataka sehemu 4 kwa elfu za kipenyo, kwa hiyo silinda ya milimita 80 inahitaji kama milimita 0.3; kitabu cha mashine yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata moto ncha zitagongana, ringi itakwaruza silinda au kuvunjika. Likiwa kubwa mno, mgandamizo unatoroka. Rudia kwa kila ringi na kila silinda. Ringi iliyofaa silinda ya juu haina wajibu wa kufaa ya chini.

Halafu angalia mfereji wa ringi kwenye pistoni. Utaona kipini kidogo kama kichwa cha sindano. Ncha za ringi lazima zikae pande zote mbili za kipini hicho, kwa sababu silinda ya mashine ya kuchanganya oili ina madirisha ubavuni, ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Ringi ikiachwa izunguke, ncha yake itachungulia dirishani, na kitakachofuata utakisikia kabla hujakiona. Kwa sababu hiyohiyo, silinda ikishachongwa, kingo za madirisha zilainishwe kwa jiwe. Karakana nyingi huliacha jambo hili. Pitisha kidole mwenyewe. Kikikwaruzwa, na ringi itakwaruzwa.

Mwisho, pistoni ina alama kichwani. Kwenye Yamaha alama hiyo hutazama juu, upande wa gurudumu la kuwashia. Jambo la sekunde moja, na bado wapo waliolipa bloku nzima kwa kulisahau.

Hatua ya tano: Maji kwanza, farasi baadaye

Nikiambiwa nitaje kipande kimoja tu cha kununua kipya na cha asili, bila kubishana bei, nitataja impela. Ni mpira mdogo unaokaa chini karibu na gia, ukivuta maji ya bahari kuyapandisha kwenye bloku. Ndio uhai wa mashine, na ndio kitu cha mwisho kukumbukwa na mpenda farasi.

Chundwa tunakaa na mikoko, matope na mikono ya bahari inayokauka. Wakati wa bamvua maji yakipwa, chombo hupita kwenye uji wa mchanga. Mchanga huo unapanda na maji, unakwaruza nyumba ya impela na kunyoa mpira. Kwa hiyo ukinunua impela, nunua na nyumba yake na sahani yake; mpira mpya ndani ya nyumba iliyolika hausukumi kitu. Mashine inapowashwa, nahodha aangalie kama inakojoa kwa nguvu. Mkojo ukidhoofika, azime hapo hapo, hata kama abiria wana ndoa ya kuwahi Faza.

Chumvi nayo ina dawa moja: kuisafisha mashine kwa maji matamu baada ya kazi. Kisiwani kwetu maji matamu yana thamani. Watu wanakunywa ya jabia yaliyovunwa mvua ikinyesha, na hakuna mwungwana atakayemimina maji ya jabia kwenye mashine huku jirani anasubiri ndoo. Tumia ya kisima chenye chumvi kidogo. Si matamu, lakini chumvi yake ni ndogo kuliko ya bahari, na kuosha kwa hayo ni bora mara nyingi kuliko kutoosha. Usisahau kile kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela: kimewekwa kiliwe na bahari ili alumini isiliwe. Kikiisha, badilisha. Anayekipaka rangi ili kipendeze amekifunga mdomo.

Hatua ya sita: Kinachoingia tumboni

Mashine iliyojengwa vizuri huuawa na mtungi wa lita 20. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake, nyundo ndogo ndogo zikigonga kichwa cha pistoni. Ukifungua utakuta kitundu katikati, kingo zake zimeyeyuka. Uchanganyaji wa mafuta uliisumbua Kenya yote, hata Septemba 2018 serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isiwe na faida. Nunua kwa mtu unayemjua, chuja kwa kichujio kinachotenga maji, na mtungi wa petroli usibebe kitu kingine.

Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3 ubavuni mwa chupa. Oili ya pikipiki imeundwa kwa mashine inayopozwa na upepo. Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Pima kwa chupa yenye mistari. Mtu anayemimina kwa kukisia mpaka rangi imfurahishe, mwache aendelee kupika chai.

Hatua ya saba: Propela ndiyo gia yako

Ukifika hapa na pesa kidogo zimebaki, umefika mahali ambapo farasi wa bure wamejificha.

Propela ina namba mbili. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Namba hiyo ya pili ikiwa kubwa, chombo kitupu kinakwenda mbio. Chombo kilichojaa mashine inalemewa. Farasi 40 ya aina ya X inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika ukiifungua yote. Nunua kipima mizunguko kidogo, kile ambacho waya wake unaviringishwa kwenye waya wa plagi. Pakia mzigo wako wa kila siku: watu, barafu, nyavu, mitungi. Toka hadi kwenye maji makuu, fungua yote, usome.

Ukipata 4,200, mashine yako inabeba mlima. Kila inchi moja unayopunguza kwenye namba ya pili inaongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Shusha inchi 3, mashine itapumua, na yule aliyetaka kuchonga silinda kwa ajili ya cc 9 atapata nguvu aliyoitafuta bila kufungua boliti moja ya hedi. Na iwe ya alumini. Propela ya chuma cha pua ni ngumu, lakini ikigonga mwamba haivunjiki yenyewe. Inapeleka pigo lote kwenye gia.

Hatua ya nane: Dukani

Sanduku linaweza kuchapishwa popote. Sikiliza nahodha kijana na fundi mzee wakiwa na pakiti mezani:

"Ami, hizi ringi ni za Yamaha?"

"Sanduku ndilo la Yamaha, mwanangu. Ringi sijazipima bado."

"Lakini bei yake ni nusu."

"Na safari yake itakuwa nusu. Nusu ya kurudi utapiga kasia."

Nenda na ringi ya zamani mfukoni, na geji. Pima mbele ya muuzaji. Linganisha uzito wa pistoni mbili za sanduku moja. Zisipolingana, mashine itatetemeka. Tazama kama maandishi yamechongwa ama yamepakwa, na kama kingo zina makovu ya kumiminwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na anayekasirika ameshakujibu.

Hatua ya tisa: Izoeshe

Mashine mpya haipelekwi mashindanoni. Saa 10 za mwanzo zipe mchanganyiko wa 25 kwa 1, mililita 800 kwa lita 20, na mwendo wa kupishanapishana, usioshikilia mahali pamoja. Ringi zinajitengenezea njia yao kwenye silinda, na zikishaikosa haziirudii. Baadaye fungua plagi: zikiwa na rangi ya kahawia, umefanya vyema, zikiwa nyeupe, mashine ina njaa ya mafuta na joto limezidi, zikiwa nyeusi na maji maji, oili au petroli imezidi. Pima mgandamizo wa kila silinda uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwakani utajua nini kimepungua, wala hutamtegemea mtu wa barazani akuambie.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zenyewe zina foleni yake. Pesa ya kwanza iende kwenye ubao wa tezi, ya pili kwenye maji, ya tatu kwenye propela, ya nne kwenye kupima, na ya tano ndiyo iende kwenye pistoni. Ukifuata foleni hiyo, farasi 40 waliotunzwa watakufikisha Kiwayu na kukurudisha, tena bila kuazima. Na ukibakiwa na chochote, nunua maboya ya kuvaa, moja kwa kila abiria, kisha ujaze kisanduku: plagi mbili, impela moja, kamba ya kuwashia, ufunguo wa plagi na propela ya akiba. Kisanduku hicho kikae chomboni. Kikiachwa nyumbani Chundwa, hakitamsaidia mtu.